Ushuru wetu ujenge jumba la taifa la sanaa ya leo, au Nairobi Gallery yatosha?

Baba Achieng
Hamjambo wadau. Jumamosi nilimpeleka binti yangu Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe ubavuni mwa Nyayo House, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Wazee wanaijua kama afisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa. Ilijengwa 1913, na humo ndimo watu walimoandikisha vizazi, ndoa na vifo vyao. Barabara zilihesabiwa maili kuanzia hapo. Sasa iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na ndani mna mali aliyokusanya marehemu Joseph Murumbi na mkewe Sheila: vitambaa vya Afrika Magharibi, mapambo, mpaka stempu.

Nilifurahi sana. Lakini tulipokuwa tukitoka binti akaniuliza, "Baba, waliotengeneza hivi vitu wote wamekufa?" Nikakosa jibu. Tangu 1963 hatuna jumba la taifa lililojengwa kwa ajili ya sanaa ya watu walio hai. Wasanii Wakenya kina Elimo Njau ilibidi wajifungulie nyumba yao wenyewe ya sanaa, Paa ya Paa, mwaka 1965, na serikali inatazama tu. Mimi nasema wakati umefika, ushuru wetu utumike. Nyinyi mwaonaje?

Mlipa Ushuru
Mimi napinga, na sifichi. Mwezi uliopita mama yangu alilazwa hospitali ya umma, tukaambiwa tukanunue glavu na sindano duka la dawa lililo nje ya lango. Halafu mtu anataka nichangie picha za kuning'inizwa ukutani? Wasanii wamezoea kuombaomba. Kama kazi ni nzuri itanunuliwa, kama si nzuri mchoraji atafute kazi nyingine. Fundi viatu hajengewi jumba la taifa.

Mmarangu Halisi
Baba Achieng, hoja yako nzuri lakini hapo mwanzoni umeteleza. Elimo Njau Mkenya tangu lini? Huyu ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, 1932. Akaenda Makerere, kisha ndiyo akahamia huko kwenu. Kila kitu chetu mkikiona kinang'aa mnakipa kitambulisho cha Kenya. Mlima mliutangaza kama wenu, sasa na watu?

Fundi Brashi
Mlipa Ushuru, pole kwa mama, natoka moyoni. Ila neno "kuombaomba" limeniuma na sitalipita. Nimechora miaka kumi na tisa. Nanunua turubai, rangi, mbao za fremu, na kila kimoja nakitozwa ushuru dukani kama wewe. Hoteli moja ilichukua picha zangu sita ikasema itanilipa wageni wakizinunua. Baada ya miezi minane nilizikuta tatu koridoni karibu na jikoni, zimepauka, moja ina duara la mafuta pale mtu alipokuwa akiegemeza kichwa. Zile nyingine sikuziona tena. Hakuna niliyemwomba kitu. Nadai mahali penye ukuta mkavu na mtu anayeandika kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka.

Mlipa Ushuru
Sasa hiyo ni kesi yako na hoteli. Mshitaki. Mimi nahusika vipi?

Mwana Thika Road
@Mmarangu Halisi, Njau amefanya kazi Nairobi tangu nchi zetu zilipopata uhuru. Mtu ni wa pale alipolima. Nyinyi mlimpa nini huko Marangu, shamba la kahawa?

Mmarangu Halisi
Usidharau kahawa, imesomesha wengi. Na usiniambie Tanzania haikuwathamini wachoraji. Sam Ntiro, mchoraji wa Kichaga, ndiye tuliyemtuma London kuwa Balozi wetu wa kwanza baada ya uhuru wa 1961. Nchi gani nyingine ya hapa ilimkabidhi mchoraji kazi kama hiyo? Picha yake ya watu wanaompelekea bibi harusi mbege, pombe yetu ya ndizi, usiku iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York tangu 1960. Na Dar tulikuwa na Nyumba ya Sanaa tangu 1972. George Lilanga alianzia pale kama mlinzi, akatoka pale anajulikana Ulaya na Marekani.

Fundi Brashi
Nyumba ya Sanaa iliasisiwa na Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani. Haikuasisiwa na serikali. Hapo unanisaidia mimi hoja, ndugu yangu. Dar ni mtawa, Nairobi ni Njau na marafiki zake. Serikali zetu zote mbili zilikaa pembeni.

Mwalimu Mvita
Wanangu, salamu kutoka Mombasa. Nimekaa kimya nikashindwa. Hilo jina mnaloliandika, "Paa ya Paa", mwalielewa? Paa ni mnyama, jamaa yake swala. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai: paa apaa, paa anapaa. "Ya" iliyosimama peke yake ni ya kumiliki. Basi mmeandika paa wa paa, au paa la paa, au nini? Jina la nyumba ya sanaa ya Afrika Mashariki lingepitishwa kwanza kwa Mswahili.

Mwana Thika Road
Mwalimu, shikamoo. Lakini hapa Nairobi tunasema "ng'ombe inakula" na "mbuzi yangu imepotea" tangu babu zetu walipokuja mjini. Jina ni la Nairobi. Paa yapaa, mnyama yuko juu, ameruka. Kila mtu ameelewa.

Mwalimu Mvita
Marahaba. Kueleweka si kusanifika. Hata anayepara samaki utamwelewa akisema anampaa samaki, na hapo tena kapatia, kwani kupaa samaki ni kumtoa magamba. Neno hili lina milango mingi ndiyo maana lataka uangalifu. Ungeandika "Paa Yapaa", kwa pamoja, ningekusamehe nusu.

Mmarangu Halisi
Mwalimu, aliyelichagua ni mchoraji, huwezi kumfunga kwa ngeli. Mimi nasikia mnyama, nasikia kuruka, na nasikia paa la nyumba, yote kwa pumzi moja.

Mwalimu Mvita
Paa la nyumba lina ngeli yake. Nalo halipai, likipaa ujue ni tufani.

Baba Achieng
Walimu wangu, naomba turudi barabarani. Swali lilikuwa ushuru na jumba la taifa. Mumfikirie Murumbi. Alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, akajiuzulu mwaka huohuo, na maisha yake yaliyobaki akakusanya kazi za sanaa na vitabu. Angeviuza nje, wanunuzi walikuwepo. Akaiuzia serikali ya Kenya kwa bei ya chini ili vibaki nyumbani. Kila siku watu wanaambiana "tukutane pale Archives", yaani Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Nairobi, wanasimama mlangoni dakika arubaini, na ghorofa ya chini mle ndani ndimo vilimo vitu vya Murumbi. Wangapi wameingia?

Mlipa Ushuru
Sasa umeleta mwenyewe ushahidi wangu. Huyo Mgoa aliiuzia serikali na nyumba yake ya Muthaiga, kwa ahadi kwamba itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Ikawa? Nyumba ilibomolewa, miti ya kienyeji aliyoipanda kwa mikono yake ikakatwa, na yeye bado yu hai anaona. Alifariki 1990 na taasisi hiyo hakuiona. Hiyo ndiyo serikali mnayotaka kuikabidhi picha? Nipeni mfano mmoja tu wa ahadi kama hiyo iliyotimizwa.

Nasieku
Ati "huyo Mgoa". Mlipa Ushuru, omba radhi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mtu wa asili ya Goa kule India, mama yake alikuwa Mmaasai, na yeye jina alilochagua kulibeba ni Murumbi. Aliomba azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mbunge na mpigania uhuru aliyepigwa risasi Februari 1965, na leo amelala City Park hapa Nairobi. Mtu aliyeiachia nchi hii kila alichokuwa nacho humwiti "huyo Mgoa" kana kwamba alipita tu dukani.

Mlipa Ushuru
Nimekosea kwa neno hilo, naliondoa. Jibu la swali langu bado sijapata.

Nasieku
Radhi nimepokea. Na City Park kwenyewe waende watu waone. Kuna jiwe lililochongwa na Elkana Ong'esa, la ndege wa amani anayechomoza, na kazi ya Francis Nnaggenda wa Uganda. Ong'esa huyohuyo ndiye mwenye ndege wanaocheza pale makao makuu ya UNESCO, Paris.

Omong'ina wa Tabaka
Asante kumtaja. Kwetu Tabaka, Kisii, kila boma lina mtu anayechonga jiwe la sabuni. Jiwe likitoka machimboni ni laini, unalikwangua kwa kisu, vumbi lake jeupe linakaa kwenye nyusi mpaka ukaoge. Dalali huja na lori, anachagua, anataja bei yeye mwenyewe. Watoto wetu wanajua viboko na sahani za watalii tu, kwa sababu kazi kubwa hawajawahi kuiona ikiwa imesimama mbele yao. Paris ni mbali. Mimi naunga mkono jumba, lakini lisijengwe Nairobi tu. Utamaduni uko kwa kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010.

Mjukuu wa Msituni
Mnamsifu Njau hapa kama malaika. Nani atasema zile picha zake tano za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a zilichorwa kwa ajili gani? Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Babu yangu alikuwa msituni. Waliokufa kambini na msituni walichorewa ukuta gani?

Fundi Brashi
Nimesimama mbele ya kuta zile. Kristo ni Mwafrika, na mashamba nyuma yake ni ya Murang'a. Mwaka 1959, Mwingereza bado anatawala, kijana anamchora Yesu mweusi kanisani. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imemlipa Joy Adamson, mchoraji Mzungu, atuchore sisi, kabila kwa kabila, na shanga zetu. Nani alituchora kama watu?

Mjukuu wa Msituni
Sikuuliza rangi ya Yesu. Niliuliza kuhusu babu yangu.

Baba Achieng
Na swali lako ni la haki kabisa, ndugu. Kama tungekuwa na jumba la taifa, hiyo ingekuwa kazi ya kwanza ningetaka ndani yake.

Mukasa Kla
Kutoka Kampala. Sisi tuna Nommo Gallery tangu 1964, ya serikali, chini ya kituo cha utamaduni cha taifa. Kwa hiyo inawezekana. Matatizo yapo, lakini mlango uko wazi na mchoraji anajua pa kubisha.

Mwana Thika Road
Na msisahau aibu ya Venice. 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho yale makubwa ya sanaa kule Italia lilijaa kazi za Wachina. 2015 ikataka kuwa vilevile, wasanii wakapiga kelele mpaka waziri Hassan Wario akalikana banda lenyewe. Jina la nchi lilikuwa limeachwa wazi kama kiosk isiyo na kufuli.

Mlipa Ushuru
Waliolikomesha ni wasanii wenyewe, bila jumba. Tena nashinda.

Fundi Brashi
Tulilikomesha, ndiyo. Kwa data ya simu zetu na usingizi wetu. Unataka tulinde jina la nchi kwa mkopo mpaka lini?

Mmarangu Halisi
Baba Achieng, ile sentensi yako ya "Wakenya kina Elimo Njau" hujaibadilisha.

Baba Achieng
Nakubali kosa: Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mkaazi wa Nairobi. Jumamosi hii saa nne asubuhi niko City Park na binti yangu, tunaangalia jiwe la Ong'esa. Mlipa Ushuru, karibu, na mama akiwa amepata nafuu mlete.

Mlipa Ushuru
Ametoka hospitali Jumanne, anatembea kwa fimbo. Nitamleta, anapenda miti. Lakini senti yangu ya jumba bado siitoi.