Mieleka ya Jumanne kibandani: watoto wazuiwe au waachwe?

Mwisho wa Reli
Wakuu, habari za jioni. Nianze na kisa. Wiki mbili zilizopita kwenye mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, dogo mmoja wa darasa la 5 alipanda kwenye pua ya mtumbwi uliovutwa mchangani, akanyoosha mikono kama Jeff Hardy, yule mwanamieleka wa kuruka kutoka juu, akajirusha. Mwenzake alikuwa amelala chali juu ya nyavu akisubiri kuangukiwa, ila dakika ya mwisho akabiringika pembeni kama wanavyofanya kwenye TV. Kwenye TV anayeruka na anayebiringika wameshakubaliana. Hawa hawakukubaliana. Dogo alitua kwa bega, mtulinga ukakatika.

Jumapili tukawa na kikao cha mtaa. Ikapendekezwa vibanda umiza, vile vya kuonesha video kwa kiingilio, visiingize watoto siku za mieleka. Mwenye kibanda chetu nusura alie, maana Jumanne nusu ya benchi ni watoto, kila mmoja na 200 yake.

Mimi ni mtu wa reslin tangu enzi za kaseti na majenereta, umeme ukikatika tunabishana gizani nani angeshinda. Raw, kipindi cha mieleka cha kampuni ya WWE ya Marekani, wao wanaicheza Jumatatu usiku, kwetu ni alfajiri ya Jumanne, vijana wanaishusha, saa 12 jioni iko kwenye flashi. Sikosi. Na mpaka leo sijapona tangu Desemba 13, 2025, pale Washington. John Cena, mtu aliyetuambia miaka yote tusikate tamaa, mikanda 17 ya ubingwa, pambano la mwisho la maisha yake anakabwa kabali na mpinzani wake Gunther halafu anagonga mkono, yaani anasalimu amri. Anagonga! Na anatabasamu kabla ya kugonga!

Sasa swali langu: watoto wazuiwe au waachwe? Nawasilisha.

Mgebuka wa Moto
Mtu mzima una ndevu unamlilia mwanaume wa Kimarekani aliyevaa kaptura? Yale ni maigizo, mkuu. Watoto watolewe, na wewe utoke nao muongozane.

Kabali
Wewe Mgebuka, maigizo gani yanavunja shingo? Machi 2022, kwenye SmackDown, kipindi kingine cha WWE, mwanamieleka Big E alirushwa nje ya ulingo akatua kwa kichwa, shingo ikavunjika. Alitolewa kwa machela huku akionesha dole gumba, na tangu siku hiyo hajapigana tena. Mwanamieleka Owen Hart naye mwaka 1999 kule Kansas City alikuwa anateremshwa kwa kamba kutoka darini, kamba ikaachia, akafa. Muulize mjane wake kama ni maigizo. Unayemcheka anaumia kila wiki, wewe hata ndoo ya maji ya Lake Tanganyika ikikuangukia mguuni unaomba ruhusa kazini.

Mgebuka wa Moto
Povu lote la nini? Sijasema hawaumii. Hata fundi wa paa anaanguka, hatusemi amepigana na nyumba. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ilikwenda kwa watunga sheria wa New Jersey ikasema jamani hii ni burudani, matokeo tunapanga, msitusimamie kama ndondi. Mwenye duka mwenyewe kakiri bidhaa ni ya kuchonga, wewe mteja unabisha mlangoni.

Bint Ujiji
Mnachosha. Nani asiyejua inapangwa? Mbona tamthilia mnaangalia na mnalia, hamjawahi kumwambia bibi harusi wa kwenye TV kuwa bwana harusi si mumewe? Mimi naangalia kwa sababu nataka kujua wiki ijayo nani atamsaliti nani. Cena alipomgeuka mwenzake Cody Rhodes pale Toronto, Machi 2025, akamkumbatia halafu akampiga teke la sehemu mbaya, nilimwaga uji. Miaka zaidi ya 20 steringi, ghafla adui! Huo usaliti hata kwetu Ujiji hatujauona, na tumeona mengi.

Halafu siku hizi raha imeongezeka, kuna Waafrika wanaopewa heshima. Kofi Kingston alibeba mkanda mkubwa mwaka 2019. Oba Femi, mtoto wa Lagos aliyekuwa mtupa tufe, amewahi kuwa bingwa wa NXT, ligi ya chipukizi ya WWE. Zamani hatukuwa na mtu.

Mzee wa Liemba
Binti, usiseme zamani hatukuwa na mtu. Nyinyi mmezaliwa juzi. Kulikuwa na Kamala, Mganda. Jitu la kilo 170 na ushee, halivai viatu, tumbo limechorwa mwezi na nyota. Alikuwa mlinzi wa Idi Amin, Amin alipoanguka akakimbilia Marekani. Alipigana na Undertaker pale Wembley mwaka 1992. Hiyo ndiyo ilikuwa mieleka, hakuna mambo ya kutabasamu.

Kabali
Shikamoo mzee. Wembley ni kweli, Agosti 1992. Ila Kamala hakuwa Mganda. Jina lake James Harris, mtu wa Mississippi, Mmarekani kabisa. Walimbunia ule Uganda kule Memphis mwaka 1982.

Mzee wa Liemba
Marahaba. Unamfundisha babu yako kupiga makasia? Ilikuwa imeandikwa kwenye TV: Uganda. Kwa herufi kubwa. Na hakuwa anaongea Kiingereza, kulikuwa na mtu wa kumwongoza amevaa kofia ya porini. Mmarekani gani hajui Kiingereza?

Kabali
Mzee, ndiyo kazi aliyopewa, asiongee. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa malori.

Mzee wa Liemba
Kaka yangu alikuwa kwenye vita vya Kagera. Waliingia Kampala Aprili 1979. Alituhadithia kuhusu walinzi wa Amin, majitu ya ajabu. Usinivunjie heshima ya marehemu.

Bint Ujiji
Mzee wangu, nakuheshimu, na marehemu Mungu amrehemu. Lakini jeshi letu liliingia Kampala likapekua mpaka jikoni kwa Amin, halafu mtu wa kilo 170 asiye na viatu akawapita getini?

Mgebuka wa Moto
Hahahaha nimeanguka kwenye kiti.

Mzee wa Liemba
Cheka tu. Meno ni yako.

Bint Ujiji
Na mimi kinachoniuma si kwamba hakuwa Mganda, ni walichomvisha. Ngozi ya chui, kinyago, mkuki, anakimbiakimbia kama hajawahi kuona mlango. Mtu aliyezaliwa Marekani, anajua kuendesha lori, anaambiwa usiongee, wewe ni Mwafrika! Watu wanalipa kiingilio kumwogopa. Mwishoni kisukari kikamkata miguu yote miwili, akafa mwaka 2020. Hata huyo Kofi, Mghana wa damu, alipoanza mwaka 2008 walimtangaza kuwa anatoka Jamaika, na lafudhi akapewa. Baadaye ndiyo wakakumbuka kumrudisha Ghana kimyakimya, kama mtu aliyekosea basi.

Mgebuka wa Moto
Kwa hiyo Mmarekani anakuwa Mganda, Mghana anakuwa Mjamaika. Hapo ndipo unaponiambia si maigizo?

Kabali
Hakuna aliyesema si maigizo! Tunasema wanaumia!

Mgebuka wa Moto
Rudi juu ukasome ulichoandika, "maigizo gani". Bado kipo.

Mwalimu wa Zamu
Naomba tumrudie mleta mada, maana tumefika Kampala bila visa. Mimi nafundisha darasa la 4 na la 5 hapa mjini, siku ya Jumatano ndiyo naiona hiyo Raw yenu. Ugomvi wa wavulana siku hizi una utaratibu. Wawili wanakamatana, wa tatu, kwa kawaida yule mdogo kuliko wote, anajitupa chini kama refa wa kuhesabu mpaka tatu mtu ashindwe, anapiga sakafu kwa kiganja: moja, mbili... aliye chini anainua bega, wote wanapiga kelele. Nimewahi kukaa dirishani nikaangalia mpaka mwisho, sitasema uongo. Lakini mwaka huu nimeshapeleka wawili zahanati.

Kwa hiyo mimi nasema wazuiwe. Na niulize jambo moja: mtoto wa darasa la 5 saa 2 usiku yuko kibandani na wanaume wanaovuta sigara. Wazazi wake wako wapi?

Mama Migebuka
Mimi ndiye mzazi. Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika, ila mwalimu umenigusa.

Unauliza niko wapi saa 2 usiku. Niko barabarani Mwanga na karai la mafuta ya mawese nakaanga migebuka, ndiyo ada na daftari na hilo sweta unalomkagua asubuhi. Baba yake yuko ziwani na karabai zake, anarudi alfajiri. Nyumbani hakuna mtu. Kabla hajaanza kwenda kibandani alikuwa anashinda majini na wenzake mpaka giza linaingia, na mwaka jana tulizika mtoto wa jirani aliyekwenda kuogelea hivyohivyo. Mwenye kibanda ananifahamu. Nampa 200, namwambia asimtoe mpaka nipite. Saa 4 napita na ndoo yangu kichwani namchukua, mara nyingine amelala kwenye benchi. Kibanda ndiyo yaya wangu. Na sigara hawavutii ndani, mwenyewe amekataza kwa sababu ya turubai.

Tena hakuumia kibandani. Aliumia saa 9 mchana, jua linawaka, ametoka shuleni kwako. Kwa hiyo na mimi niulize: mwalimu wa zamu alikuwa wapi?

Bint Ujiji
Moja, mbili, TATU. Kengele.

Mwalimu wa Zamu
Mama, nimekosa, samahani. Sikujua hali yako. Ingawa saa 9 shule imeshafungwa.

Mama Migebuka
Sawa mwalimu. Na kibanda saa 9 hakijafunguliwa.

Kabali
Dada, dogo anaendeleaje?

Mama Migebuka
Mkono umefungwa shingoni na kanga yangu ile ya njano. Tuliambiwa wiki 6. Anachouliza kila siku ni kama nyaraka za Cena kustaafu zinaweza kuchanwa.

Mzee wa Liemba
Kwa upande wa Kongo, Kinshasa, wanapigana kechi, mieleka yao, kwa hirizi. Unakuta mtu anarushwa na mwenzake hajamgusa. Hao ndio wa kweli. Watoto waoneshwe hiyo.

Mwalimu wa Zamu
Mzee, tafadhali. Hirizi darasani tena?

Mzee wa Liemba
Mimi nimeshauri tu. Na Kamala alikuwa Mganda.

Mwisho wa Reli
Wakuu, niwape mrejesho wa jana. Mwenye kibanda kaweka karatasi mlangoni: WATOTO HAPANA. Ndani tukawa tisa, tunasikizana mpaka tunavyopumua. Nje watoto kama thelathini wamejipanga kwenye turubai, kila mmoja na tundu lake, wengine wametoboa mapya kwa misumari. Bure. Mwenye kibanda kila baada ya dakika 10 anatoka na fimbo, wanatawanyika, akirudi ndani wanarudi. Mwenye kanga ya njano walimwachia tundu la katikati, lile kubwa, kwa heshima ya jeraha. Mama Migebuka, alikuwepo mpaka ulipopita, nilimwona ukimchukua. Shida ni kwamba sasa wako gizani nje, hakuna benchi wala wa kuwaangalia. Mwenye kibanda anasema wiki ijayo karatasi anaichana, mtaa wakitaka wamlipe wao zile 200.

Halafu kuna mtu kwenye benchi la mbele kabisa, kofia ya njano imefunika macho. Mgebuka wa Moto, hiyo kofia naifahamu, ulikuwa nayo kwenye msiba wa Gungu.

Mgebuka wa Moto
Nilikuja kuchaji simu.

Kabali
Masaa mawili na nusu?

Mgebuka wa Moto
Betri imezeeka. Na yule refa ni kipofu, mguu ulikuwa umeshagusa kamba.