Gari la rimoti la nitro: kamba, drili au boksi la stata? Niko Tanga, naombeni ushauri

mwana_chumbageni

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu na haya magari ya rimoti yanayotumia injini ya mafuta, sio yale ya betri. Mjomba wangu karudi kutoka Muscat na gari la saizi ya 1/10, injini namba 18, ni kama cc 2.7 hivi, akaniambia chukua mwanangu maana wewe ndo unapenda mambo ya ufundi.

Inawaka kwa kamba ya kuvuta kama kijenereta. Siku mbili za kwanza raha tupu, nalikimbiza pale uwanja wa Tangamano jioni, watoto wanajaa mpaka nashindwa pa kupita. Siku ya tatu nikavuta weee haiwaki, nikavuta tena labda mara thelathini, mara kamba ikawa ngumu kabisa kama imefungwa kwenye mnazi, nikaweka mguu vizuri nikavuta kwa nguvu zote, kamba ikakatika nikabaki nayo mkononi.

Nimeulizia naona njia ziko tatu, ya kwanza nirudishie kamba ileile, ya pili kile kifuniko cha nyuma ya injini chenye tundu unazungusha kwa fimbo ya umeme au drili, ya tatu ni boksi la stata unaweka gari juu unakandamiza. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Mafuta pia yamebaki nusu galoni na niliagiza Dar kwa taabu, kwahiyo sitaki kuyamaliza kwa kujaribu jaribu. Nichukue ipi?

mzee_wa_dunda

Karibu kwenye chama mdogo wangu. Mie niko Bagamoyo, nina gari la 1/8, injini namba 21 yani cc 3.5, na jibu langu ni boksi, sina la pili. Zile injini za mashindano utakuta hazina kamba wala tundu nyuma, zimezibwa tu na kifuniko, kwasababu ukiondoa vile vikorokoro vya kuwashia injini inakuwa nyepesi na kuna vitu vichache vya kuharibika. Boksi lina mota na gurudumu la mpira linatokeza kidogo juu, unalenga gari mpaka flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ikae juu ya gurudumu la boksi, unashusha, mota inazunguka, gurudumu linasukuma flaiwili, injini inawaka ndani ya sekunde mbili. Mkono hauumi hata kidogo.

Betri usihangaike kununua za gharama, mengi yanakula volti 12, mie natumia betri ya bodaboda ya zamani, ile ambayo pikipiki haiitaki tena ila kwenye boksi bado inapiga kazi. Kuwa makini na nyaya tu, ukigeuza chanya na hasi gurudumu linazunguka kinyume na injini haiwaki, utadhani imekufa.

Swali moja. Pindua gari uangalie chini, kwenye bati la chasi pana tundu la kuonyesha flaiwili? Kama hamna, boksi halitakusaidia mpaka ukate bati.

fundi_wa_ngamiani

Wakuu kabla kijana hajatoa hata mia naomba tusimame hapa kwenye jambo moja, maana kila mtu anakimbilia kununua na ugonjwa haujapimwa.

Amesema kamba ILIKUWA NGUMU KABLA ya kukatika. Hapo ndo penyewe. Alivuta mara thelathini haiwaki, kila akivuta injini inanyonya mafuta, hayaungui, yanakaa juu ya pistoni. Hewa unaweza kuibana, mafuta hayabaniki. Pistoni ikipanda inakuta kimiminika inagoma, wewe unaona kamba imekuwa ngumu. Kamba ilikatika ikakuokoa kijana wangu, nasema hivo kwa dhati, maana ungekuwa na drili au boksi siku ile mashine isingejua kwamba imegoma, ingesukuma tu.

Mie nilishafanya kosa hilo kwenye injini ya rafiki yangu. Niliweka drili, ikakaza, nikabonyeza zaidi, nikasikia TAK moja kavu. Tulipofungua ile konrodi, kale ka-aluminiamu kanakoshika pistoni na krenki, kamepinda katikati kama kijiko cha chai kilichokanyagwa, na slivu, lile bomba ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, imechubuka upande mmoja. Nilimlipa injini yake. Tangu siku hiyo sigusi drili kabla sijazungusha flaiwili kwa kidole.

Fanya hivi leo. Fungua plagi. Geuza gari kichwa chini, weka kitambaa, zungusha flaiwili kwa mkono uone kinachotoka. USIINAMISHE USO hapo, yale mafuta yanaruka na yakiingia machoni ni balaa. Alafu ichukue hiyo plagi uishike kwa koleo, iunganishe na kile kiwashio chake, angalia kale kawaya kalikojikunja ndani. Kakiwaka rangi ya chungwa kote, kawaya ni kazuri. Kakiwaka nusu au giza, umepata mchawi wako na wala sio kamba.

Na unatumia betri gani kwenye kiwashio?

baharia_sahare

Naunga mkono fundi. Mimi naongezea kwenye kamba, maana watu wanaidharau bure. Nimekua na mashine za boti, hapa Sahare kila asubuhi mtu anavuta, na vijana wapya wote wanakosea kitu kimoja, wanashika mpini wanachomoa kwa hasira toka mwanzo. Kamba unaivuta taratibu kwanza mpaka usikie imeshika, hapo ndo unapiga mvuto mmoja mfupi wa haraka, alafu unairudisha ukiwa umeishika, huiachii ikajirudi yenyewe kwa kishindo. Kwenye hako kagari ni hivohivo ila fupi zaidi, kama sentimita thelathini basi, ukivuta mpaka mwisho wa kamba unang'oa springi ndani.

Ikikatika sio mwisho wa dunia. Fungua kile kikombe cha nyuma polepole, SHIKA springi kwa dole gumba maana ikifumuka inaruka mpaka kwa jirani na kuikunja tena ni kazi ya saa nzima. Tafuta kamba ya nailoni iliyosukwa yenye unene uleule, hapa pwani hatukosi kamba za kuvulia, piga fundo, choma ncha kwa kiberiti isifumuke. Elfu mbili imekwisha. Ndo maana nasema mwenye hela ya kitu kimoja aanze na kamba, anunue plagi mbili za akiba kwa hela iliyobaki.

mzee_wa_dunda

Fundi uko sahihi hapo kwenye mafuta kujaa, nilikimbilia boksi mapema. Ila baharia kwenye kamba sikubaliani, kwa injini mpya ile pistoni inabana sana juu, slivu imetengenezwa nyembamba kidogo kwa juu ili ikipata moto itanuke ikae sawa, sasa ikiwa ya baridi kuvuta kwa kamba ni mateso. Wenzetu nchi za baridi wanaipasha kwa drayari ya nywele kwanza. Sisi joto la Tanga na Bagamoyo linasaidia kidogo lakini bado.

baharia_sahare

Mkuu legeza plagi nusu mzunguko, mbano unapungua, ikishawaka unaikaza. Nimewashia hivyo injini mpya kabisa.

mwana_chumbageni

Jamani nimefungua. Mafuta yametoka kama kijiko kizima!! Kitambaa kimelowa chote. Fundi Mungu akubariki, maana nilikuwa nimeshaongea na jamaa aniazime drili yake kesho.

Plagi inawaka kidogo upande mmoja, nyekundu iliyofifia. Kiwashio natumia betri ya tochi, ile kubwa moja, za kawaida za dukani. Na chini ya chasi hakuna tundu, bati zima.

Sasa bado nauliza, mkono wangu wa kulia nilivunjika zamani, kuvuta vuta kunaniumiza kweli. Drili kwa injini isiyo na mafuta ndani ni salama?

fundi_wa_ngamiani

Pole na mkono, hiyo ungeianza mapema, inabadilisha jibu.

Betri kwanza. Hiyo plagi inataka volti 1.2 mpaka 1.5, hapo betri ya tochi ni sawa, lakini inakunywa kama ampia 3 na zile betri za bei rahisi zinachoka ndani ya dakika chache, volti zinashuka, kawaya kanafifia. Tafuta kiwashio chenye betri ya kuchaji ya 1.2. Na usije ukajaribu na betri ya pikipiki moja kwa moja, kawaya kanakatika papo hapo. Jaribu plagi na betri mpya kabla hujaitupa. Ukishawasha unachomoa kiwashio kwasababu kale kawaya kana platinamu, ikikutana na methanoli iliyomo kwenye haya mafuta inajiwasha yenyewe kwa joto la mlipuko uliopita, haihitaji umeme tena.

Sasa drili. Kwa gari lako boksi limeshatoka maana chasi haina tundu, na kwa mkono wako kamba sikushauri. Chukua kifuniko cha nyuma chenye tundu la fimbo, ila KINUNUE CHA INJINI YAKO HASA, maana ile shafti ndogo ndani inashika kile kipini cha krenki na matobo ya bolti hayafanani kwa injini zote. Ndani yake kuna beringi ya kuzungukia upande mmoja, injini ikiwaka inaachana na fimbo yenyewe. Hata kampuni ya Traxxas magari yao mengi ya nitro yanakuja na mota ndogo nyuma ya injini, unachomeka kitu cha mkononi kinazungusha na kupasha plagi kwa pamoja, ni akili ileile.

Drili yoyote ya kuchaji inafaa, iweke mwendo wa mbele, ule wa kukaza skrubu. Anza polepole, sekunde mbili tatu, pumzika. Kabla ya kila jaribio zungusha flaiwili kwa kidole mzunguko mmoja kamili. Ikigoma, plagi nje, mafuta nje. Kama drili yako ina ile pete ya namba inayofanya iteleze ikizidiwa nguvu, iweke namba ya chini, ikigoma drili itateleza badala ya kuvunja konrodi. Na mafuta yakishafika kwenye kabureta, yaani unayaona yametembea kwenye mpira, USIZIBE tena eksozi kwa kidole, ile mbinu ya kuvutia mafuta mwanzoni. Watu wengi wanajaza injini pale.

mama_twaha

Naomba niingie hapa, mimi sio mtu wa magari ila nimefanya kazi maabara miaka mingi na nimesoma kwamba hayo mafuta yana methanoli nikashtuka. Wanangu, methanoli ni sumu, kidogo tu ikinywewa inapofusha macho na kuua. USIHAMISHIE KWENYE CHUPA YA MAJI YA KUNYWA hata kwa dakika moja, na umesema mwenyewe watoto wanajaa pale uwanjani. Chupa ile inafanana na ya maji, mtoto ametoka kucheza ana kiu, ananyanyua.

Na moto wake mchana wa jua hauonekani. Utaona tu hewa inatetemeka, au utahisi joto mkononi. Weka ndoo ya maji karibu, methanoli inachanganyika na maji kwahiyo maji yanauzima. Vaeni na miwani.

Kitu kingine, inanyonya unyevu wa hewani, na nyinyi mko kando ya bahari. Galoni ikikaa wazi mafuta yanaingia maji na hayatawaka sawasawa. Funga kifuniko kila ukimimina.

mwana_chumbageni

Shikamoo mama. Nilikuwa nimeyaweka kwenye chupa ya lita moja na nusu, ya maji kabisa. Nimeyarudisha kwenye galoni lake sasa hivi na chupa nimeitoboa nimetupa. Asante sana, sina neno la kutosha.

mwana_chumbageni

Wakuu narudi, wiki tatu zimepita. Kifuniko cha drili kimefika kwa basi toka Dar, nimekifunga mwenyewe, bolti nne. Plagi mpya, kiwashio cha kuchaji. Leo baada ya Ijumaa nimekwenda Tangamano na ndoo ya maji kama mama alivyosema, watoto nimewapanga nyuma ya mstari. Nikazungusha flaiwili kwa kidole, laini. Drili sekunde mbili, kimya. Mafuta yametembea kwenye mpira mpaka kabureta. Drili tena, ikapiga kelele moja ikazima. Mara ya tatu imewaka!! imekaa inanguruma, moshi ule wa bluu mwembamba unatoka, nimechomoa kiwashio haijazima. Nimelikimbiza tangi mbili nzima.

Swali la mwisho, nikishazima niliache vipi? Nimeona pistoni imekaza juu baada ya kupoa.

fundi_wa_ngamiani

Safi sana kijana. Ikizima ikiwa ya moto, zungusha flaiwili mpaka pistoni iwe chini, maana slivu ikipoa inasinyaa na kuibana pistoni ikiwa juu. Choma mafuta yote kwenye tangi, usiache yakalala. Alafu matone mawili matatu ya oili nyepesi kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, zungusha kidogo, hii chumvi ya bahari inakula beringi usiku mmoja tu. Jumamosi nipo uwanjani hapohapo Tangamano saa kumi, njoo nikuonyeshe kuseti sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta, moshi wa bluu ni dalili nzuri kwahiyo hiyo sindano usiiguse mpaka nije.