Kenya ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki? Wa bandarini nao waseme

Tangu Tanzania itoe amri ya Julai 2025 inayowazuia wageni kufanya biashara za aina 15, kuanzia saluni na kutengeneza simu hadi kununua mazao shambani, hakuna baraza ninalokaa hapa Mombasa nisimkute mtu anayetaka Kenya ijitoe Jumuiya. Wanasema itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza 2010, ilitupa haki ya kufungua biashara kwa jirani. Jirani akiivunja na asiulizwe, sisi tunabaki kwa faida gani?

Hasira hiyo naielewa. Lakini mimi kazi yangu ni kuklia, yaani kuitoa forodhani, mizigo ya transiti, ile inayopita hapa kwenda nchi jirani, huu mwaka wa kumi na tisa, na kujitoa nakupinga kwa moyo wangu wote.

Twendeni getini. Kontena la Kampala likishuka bandarini Kilindini, ushuru unalipwa Uganda kabla lori halijatoka Mombasa. Ndiyo himaya moja ya forodha hiyo, iliyoanza 2014. Kibali kikitoka, inafungwa sili ya elektroniki kwenye komeo la mlango, unasikia "tak", na kuanzia hapo lori linaonekana kwenye kompyuta hadi Malaba, mpakani na Uganda. Zamani dereva alibeba faili la karatasi, na foleni ya mpakani ilikuwa ndefu hata utingo akapika ugali chini ya trela, akalala, akaamka, akapika tena. Takwimu zilizotangazwa na Jumuiya zinasema safari ya Mombasa hadi Kampala imeshuka kutoka siku 18 hivi hadi 4. Mizigo ya Uganda peke yake ni zaidi ya nusu ya transiti yote inayopita hapa. Haya, mhesabu kuli, fundi wa matairi Changamwe, mama wa chai Miritini na mwenye gesti Mariakani.

Najua nitakavyojibiwa: Uganda haina bahari, itaenda wapi? Itaenda Dar es Salaam. Reli mpya ya Tanzania imefika Dodoma tangu 2024. Na Uganda hiyohiyo, baada ya kutushtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 2023 kwa ugomvi wa mafuta, ilianza 2024 kujiagizia mafuta kupitia kampuni yake ya taifa. Si watu wa kukaa wakingoja hisani yetu.

Tazameni na Waingereza. Walipiga kura 23 Juni 2016, wakatoka Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, na mpaka leo wanabishana wamepoteza kiasi gani, maana korona iliingia mwaka uleule. Ofisi yao huru ya bajeti inakadiria tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4, kwa muda mrefu, kuliko kama wangebaki. Wanaopinga wanasema makadirio si risiti. Sawa. Lakini Desemba 2020 Kenya ililazimika kutia saini mkataba mpya nao ili maua na mboga zetu ziendelee kuingia kwao bila ushuru. Wao walikuwa na watu na pesa za kuandika mikataba upya. Sisi je?

Semeni.

MAMA WA KONGOWEA

Kaka, umesema ya kontena, niachie niseme ya machungwa. Nilikuwa nakwenda Muheza, huko Tanga, mwenyewe. Naingia shambani, nachagua mti kwa mti, namlipa mkulima mkononi. Chungwa la Tanga ngozi yake ya kijani, asiyelijua hudhani bichi, ukilikata maji yanakutiririka hadi kiwikoni. Baada ya amri ile, lazima nimpitie dalali wa kule. Anachagua yeye, bei anapanga yeye. Mzigo wangu wa mwisho ulipofika Kongowea alfajiri, magunia juu yalikuwa mazuri, chini yameoza mpaka makuli wakaziba pua. Nimpeleke wapi?

Na Mtanzania mwenzake anauza vitunguu papa hapa sokoni, neti kwa neti, hajaulizwa na mtu. Wala sitaki aulizwe, ni jirani yangu wa kibanda. Ila haki iende pande zote.

Hata huo ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa za kutoka nje uko wapi? Wa mchele ni asilimia 75, lakini Kenya huomba ruhusa ya kutoza 35 ili tule mchele wa Pakistan. Kila nchi na ruhusa zake. Mimi sisemi tutoke kesho. Mkataba unasema nchi hujitoa kwa thuluthi mbili za wabunge na ilani ya miezi 12. Basi bunge lipige kura, ilani ipelekwe Arusha, makao makuu ya Jumuiya, tuone kama hawatakaa mezani.

DEREVA WA CHANGAMWE

Mama, ilani ya kutishia itatuumiza sisi. Mwenye mzigo Kampala hangoji miezi 12, akisikia tu kwenye redio anageuza njia. Mnakumbuka mapema 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilivyofunga barabara, petroli ikaadimika Uganda. Ndipo matajiri wetu walipoanza kuulizia Dar. Wengine hawakurudi.

MZEE WA TUDOR

Wanangu, mimi Jumuiya ya kwanza nimeiona ikifa. Nilikuwa karani katika shirika lake la bandari, lililokuwa na makao makuu Dar es Salaam. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, ukafunguliwa Novemba 1983. Dada yangu alikuwa ameolewa Tanga. Katika miaka ile alizaa wawili, nami sikuwaona mpaka wamekuwa watoto wa kutumwa dukani. Mali ya mashirika ilikuja kugawanywa kwa mkataba wa 1984, na sisi watumishi tukazungushwa na mafao yetu.

Lakini mwanangu wa mizigo, hoja yako ya Uganda ina tundu. Miaka yote ile hapakuwa na Jumuiya, na mizigo ya Uganda iliendelea kupita Kilindini. Aliyeumia ni mtu wa mpakani, wa Lunga Lunga na Vanga, Mdigo mwenye shamba upande huu na mjomba upande wa pili. Ukitetea Jumuiya, mtetee huyo kwanza.

ALIYEANZISHA

Shikamoo mzee. Tundu nimeliona. Nimezungumza kwa jicho la getini kwangu, na mtu wa Lunga Lunga sikumtaja hata mara moja. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kuifananisha Dar ya 1977 na ya leo.

Mama, ilani naikataa kwa sababu aliyoitoa dereva. Ila una njia mbili ambazo hakuna aliyetuambia mapema. Mahakama ya Jumuiya kule Arusha humruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama kuishtaki amri inayovunja mkataba, bali ndani ya miezi miwili, na hiyo imepita tukizozana barazani. Ya pili ingali wazi: Jumuiya ina utaratibu wa kuripoti vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru, na kila nchi ina kamati yake ya kuvifuatilia. Niandikie tarehe ya mzigo, idadi ya magunia, yaliyooza mangapi, na ulicholipa kwa dalali. Na wenzio wa Kongowea pia, kila mmoja na yake. Fomu nitazijaza mimi.