Tupeane uzoefu: Mazda Roadster au Toyota MR-S, waliowahi kuishi na gari la viti viwili

Wakuu, habari za humu. Nimepania kununua gari la viti viwili, la kufungua juu, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kujikusanya akaifikia. Nazipigia hesabu mbili: Mazda Roadster ya kizazi cha pili iliyoanza 1998 (Ulaya wanaiita MX-5), na Toyota MR-S iliyotengenezwa kati ya 1999 na 2007. Habari za spidi niachieni. Nawataka mlioishi nayo mniambie mvua, matuta, spea na ushuru vikoje. Niko Dar.

Mdau wa Tabata
Mkuu karibu, mimi ni wa MR-S. Kilichonivuta ni injini, 1ZZ-FE ya cc 1794, ile ile ya Toyota Allion na Premio za 1.8 za toleo la kwanza. Spea zake kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, hukosi. Ila jua kwamba imelala nyuma ya viti, kwa hiyo kazi nyepesi kwenye Allion huku inamlaza fundi chini ya gari, na bei yake ya ufundi inapanda.
Sikiliza hili vizuri. Za mwanzo zinajulikana kwa kula oili, na kwenye manifoldi ya ekzosi (mabomba ya moshi yaliyoshikana na injini) kuna vichujio vya moshi vinavyoweza kumeguka, vumbi lake likarudi ndani ya silinda. Kabla ya kulipa, fundi afungue sensa za oksijeni pale kwenye manifoldi, amulike ndani kwa tochi. Ukiona kichujio kimeanza kubomoka, achana na gari hilo. Buti la maana halina: kuna visanduku nyuma ya viti.

Mdau wa Reading, Uingereza
Huku MX-5 za zamani ni nyingi na bei yake ni nafuu, adui ni kutu. Chumvi ya barabarani wakati wa baridi inakula vizingiti vya chini ya milango. Kuna na chanzo cha ndani: maji ya turubai la juu hushukia kwenye vijitundu viwili nyuma ya viti, kila upande kimoja, kisha hutokea chini ya gari mbele ya tairi za nyuma. Majani yakiziba hapo, maji yanabaki ndani ya bodi na chuma kinaoza bila wewe kuona.
Nilipokuwa natafuta langu nilikwenda na chupa ya maji. Gari moja jekundu, rangi inang'aa, nikamimina taratibu pale nyuma ya kiti: upande wa kushoto yakatoka safi, kulia hayakutoka kabisa. Nikabonyeza kizingiti cha kulia kwa kidole gumba, kikabonyea. Nikamshukuru mwenye gari, nikaondoka.

Mdau wa Nairobi
Kwetu Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii, kwa hivyo hizo zote mbili utazipata tu kwa mtu aliye nazo tayari. Ziko chache, na wauzaji wanajua. Matuta pitia mshazari, tairi moja moja, la sivyo bampa itakwaruza.

Mleta mada
Asanteni sana. Kwetu Tanzania linaingia, lakini gari la zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na TRA (mamlaka ya mapato) wanakadiria kwa thamani yao, siyo risiti yako. Ushuru unaweza kuizidi bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo naanza na yaliyokwishasajiliwa hapa nchini.

Mama wa Njiro, Arusha
Mwanangu, chukua Roadster. Injini iko mbele, fundi anaifikia, na uzito wake ni kama tani moja tu, usukani unauhisi mpaka mikononi. Kioo cha nyuma ni kioo kweli, siyo plastiki kama kizazi cha kwanza. Betri iko kwenye buti, iangalie kama imevuja asidi. Na turubai usilikunje likiwa limelowa.
Ukifika Arusha nitafute, nikuachie usukani hadi Usa River kabla hujatoa hela yako popote.