Ukoo Wetu: mimba ya sura ya sita

Zuhura: Jamani ameshika mimba. Na mwenzake hajamwambia. Nimeishiwa nguvu

Mama Mkubwa: Nani?

Mama Mkubwa: Zuhura, nani ameshika mimba

Mama Mkubwa: Nimepiga simu mara tatu hampokei

Neema: Mama tulia, ni kitabu. Kile tunachosoma mimi, Zuhura na Saida. Mwanaume anacheza hoki ya barafu, mwanamke mpira wa miguu, wamekutana usiku mmoja tu na mambo yamekuwa mambo.

Mama Mkubwa: Mngesema mapema. Presha imepanda ikashuka ikapanda tena.

Shangazi Tabu: Ya wiki ngapi?

Neema: Shikamoo shangazi. Ni ya kitabuni.

Shangazi Tabu: Marahaba. Nimesikia ni ya kitabuni. Nauliza wiki ngapi.

Zuhura: 😂😂 Mkunga hastaafu

Neema: Wamekutana tarehe 3 Novemba, baada ya mechi yake mwanaume. Tarehe 10 kapima, mistari miwili. Tarehe 20 yuko kwa daktari anasikia mapigo ya moyo, analia.

Shangazi Tabu: Hapana.

Neema: Hapana nini shangazi?

Shangazi Tabu: Ngoja niingie nyumbani nikae chini.

Mjomba Rashidi: Kikundi hiki kilifunguliwa kwa ajili ya habari za familia. Misiba, harusi, wagonjwa. Naomba tuheshimiane.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Huyu naye karibu atakuwa mgonjwa, kichefuchefu hakimwachi

Mjomba Rashidi: Marahaba. Sijacheka.

Saida: Mie nimemaliza jana usiku nikinyonyesha. Kwa kidole kimoja, mtoto kalalia mkono mwingine. Nina maneno mengi lakini sitaki kuwamalizia uhondo.

Zuhura: Sema tu, nimeshachungulia mwisho. Siwezi kusoma kitu bila kujua kama wanabaki pamoja

Neema: Wewe ndiye unayeharibu soko la waandishi

Shangazi Tabu: Haya. Sikilizeni. Mimba inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, sio siku mliyokutana. Kwa hiyo tarehe 3 Novemba huyu binti tayari anahesabiwa wiki ya 2. Siku saba baadaye kipimo cha mkojo hakiwezi kumwambia kitu, yai lenyewe ndio kwanza linatafuta pa kujishikiza. Angoje wiki mbili hivi. Tarehe 20 ana wiki 4 na siku tatu. Moyo gani anausikia? Huo unaanza kuonekana kwenye wiki ya 6. Amesikia wake mwenyewe.

Neema: 😭😭😭 Amesikia wake mwenyewe

Zuhura: Shangazi hii ni hadithi ya mapenzi, sio daftari la kliniki

Shangazi Tabu: Mapenzi nayaheshimu. Nakataa hesabu. Na jinsia ya mtoto wamejua lini?

Neema: Umejuaje kama wamejua?

Shangazi Tabu: Vitabu hivi lazima wajue.

Neema: Wiki ya 9. Daktari kapaka jeli tumboni, kageuza skrini, kasema ni wa kike. Mwanaume kapiga magoti pale pale kwenye chumba cha vipimo.

Zuhura: Lakini siku hizi kuna kipimo cha damu kinasema mapema

Shangazi Tabu: Kipo mwanangu, kuanzia wiki ya 10. Lakini hicho ni cha damu, huyu kapakwa jeli. Kwa altrasaundi subiri wiki ya 18 hadi 20, na hata hapo mtoto akiamua kufumba miguu mnarudi nyumbani bila jibu. Nimeona baba kakasirika na mtoto kabla hajazaliwa.

Mama Mkubwa: Kwa hiyo ni wa kike

Neema: Ndio mama, wa kike

Mama Mkubwa: Alhamdulillah

Saida: Mimi hayo ya wiki hata sikuyaona. Kilichonikaa kooni ni kile cha kuficha. Miezi miwili anamwona, anapika naye, anamwambia ana malaria ya tumbo sijui kitu gani. Mwenzako anakuuliza una nini unasema uchovu wa safari.

Zuhura: Alikuwa na sababu! Mkataba wake unaisha, klabu ikijua haimpi mwingine. Na mwanaume ni nyota, watu wangesema kamtega

Neema: Mimi nilikuwa upande wa mwanaume hadi pale aliposema "tunaoana" kabla hajauliza "unajisikiaje". Sentensi ya kwanza kabisa kutoka mdomoni mwake. Nikafunga simu nikaenda kufua.

Zuhura: Alichanganyikiwa!

Neema: Achanganyikiwe, lakini aulize.

Mjomba Rashidi: Kwanza kabisa hiyo hofu ya mkataba haina msingi. Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni. Mchezaji mjamzito ana likizo isiyopungua wiki 14, angalau 8 kati ya hizo baada ya kujifungua, na theluthi mbili ya mshahara. Klabu ikivunja mkataba kwa sababu ya mimba inalipa fidia. Mwandishi angefanya utafiti asingehitaji zile kurasa zote za kujificha chooni uwanja wa ndege.

Neema: Mjomba

Zuhura: Mjomba 👀

Saida: Nani ametaja choo cha uwanja wa ndege hapa?

*Mjomba Rashidi amefuta ujumbe huu*

Neema: Tumeshausoma mjomba. Kiko ukurasa wa 140 na kitu, hakuna aliyekigusa humu.

Mjomba Rashidi: Mliacha kitabu kwenye tableti. Nilikuwa natafuta matokeo ya mechi.

Zuhura: Umefika wapi

Mjomba Rashidi: Nimemaliza.

Mama Mkubwa: Rashidi!

Neema: Nimelia machozi

Mjomba Rashidi: Haya, kwa kuwa yametoka, niseme. Hoki imeandikwa vizuri. Anajua kwamba mchezaji anakaa kwenye barafu kama sekunde 45 anatoka anapumzika, anajua ukipigana unakaa nje dakika tano. Hapo sina neno. Lakini ligi yao ile ya Marekani na Kanada ina mechi zaidi ya 80 za msimu wa kawaida. Nusu yake ni ugenini. Na huyu bwana hajakosa kliniki hata moja. Yuko kila mahali. Jumanne anacheza upande mmoja wa bara, Jumatano asubuhi kashika mkono wa mwenzake kwa daktari upande mwingine, jioni anaunganisha kitanda cha mtoto. Mtu huyo halali?

Zuhura: Ndio maana tunampenda

Saida: Hapo Zuhura nakuunga mkono, niseme ukweli. Saa tisa usiku ukiwa na mtoto anayelia unasoma juu ya mwanaume aliyejifunza kubadilisha nepi kwa mdoli ndani ya ndege ya timu, wachezaji wenzake wamemzunguka wanamwekea muda. Najua ni uongo. Niliusoma mara mbili.

Neema: Ile ndiyo sura bora kuliko zote. Yule kipa mzee aliyemwambia "shika shingo, shingo!"

Mjomba Rashidi: Kipa nilimpenda.

Saida: Mjomba, turudi kwenye kanuni. Ulisema hofu yake haina msingi.

Mjomba Rashidi: Ndiyo.

Saida: Sara Björk Gunnarsdóttir. Wakati huo nahodha wa Iceland. Alikuwa Lyon, klabu kubwa kabisa ya wanawake Ulaya. Kashika mimba mwaka 2021, kanuni zako zipo tayari, na bado mshahara haukuja inavyotakiwa. Ilibidi kesi iende FIFA ndipo klabu ikaamriwa imlipe zaidi ya yuro 82,000. Alishinda, lakini alipigania kwanza, akiwa na tumbo. Sasa huyu wa kitabuni ni kiungo wa kawaida, hana jina. Angeogopa au asingeogopa?

Mjomba Rashidi: Hiyo kesi naikumbuka.

Saida: Na Allyson Felix, yule mkimbiaji wa Marekani, je? Huyo alikuwa na medali za Olimpiki hadi hana pa kuziweka. Mwaka 2019 kaandika gazetini kwamba Nike ilitaka kumlipa asilimia 70 pungufu, na haikutaka kumhakikishia kwamba hataadhibiwa akishuka kiwango miezi ya karibu na kujifungua. Miezi michache baada ya kelele ndipo sera ikabadilishwa. Kama Felix aliogopa, nani asiogope?

Shangazi Tabu: Huyo Felix alijifungua wiki ya 32 kwa upasuaji wa dharura. Presha ya mimba, ile inayoelekea kifafa. Nilifuatilia habari yake kuliko mbio zake.

Mjomba Rashidi: Sawa. Naondoa neno "haina msingi". Lakini bado angemwambia mwanaume. Klabu ni kitu kimoja, baba wa mtoto ni kitu kingine.

Neema: Hapo nakubaliana na mjomba, na sijawahi kudhani nitaandika hivyo humu

Zuhura: Mimi sikubaliani na yeyote. Siri ni yake hadi atakapokuwa tayari. Mwili wake

Mama Mkubwa: Mwili wake, mtoto wao

Neema: Mama 🔥

Mama Mkubwa: Huo moto ni wa nini

Neema: Umesema vizuri mama

Zuhura: Na ile mechi aliyocheza akiwa na wiki kumi mnasemaje? Wengi wameichukia, mimi nilitetemeka kwa raha. Anakimbia, anajua, hakuna mwingine anayejua uwanja mzima

Shangazi Tabu: Kukimbia sina tatizo nako. Aliyezoea mazoezi anaendelea, kwa ushauri wa daktari wake. Shida ni michezo ya kugongana, tumbo likipata kiwiko. Wiki ya 10 mji wa mimba bado umejificha ndani ya nyonga, kwa hiyo si kwamba mtoto yuko hatarini kama watu wanavyodhani. Lakini kunyamazia daktari wa timu ndipo nilipomchukia.

Neema: Shangazi kumbe nawe umesoma??

Shangazi Tabu: Nimeanza baada ya kuuliza wiki. Niko sura ya 11. Naruka yale mambo ya chumbani.

Zuhura: Hahahaha haya

Shangazi Tabu: Naruka, nimesema.

Mjomba Rashidi: Serena Williams alibeba Australian Open ya tenisi mwaka 2017 akiwa na wiki kama nane. Hakupoteza seti hata moja. Kwa hiyo hiyo sura mimi niliiamini.

Saida: Na mimi niliiamini. Ndiyo iliyonifanya nikasirike na kilichofuata. Sasa nasema lile langu, mnisamehe ni refu.

Saida: Kitabu kinaanza na sura moja ya mwanamke, sura moja ya mwanaume. Sawa kwa sawa. Tunajua jezi ya mwanamke ni namba 8, tunajua goti lake la kushoto linamsumbua, tunajua anaamka saa kumi na moja kupiga mipira peke yake ukutani. Kuanzia sura ya 14, baada ya kutangaza mimba, hakuna mpira wake tena. Hata neno. Mwanaume ana nusu fainali, ana fainali, ana kipa, ana kocha anayemtukana. Yeye ana miguu iliyovimba. Timu yake ikishuka daraja sisi hatujui. Wenzake hawapigi simu. Halafu mwisho kabisa yuko jukwaani na mtoto, amevaa jezi yenye jina la mwanaume mgongoni. Namba 8 yake iko wapi? Nilirudi nyuma kurasa nne nikidhani nimeruka.

Neema: ...

Neema: Hilo sikuliona. Na sasa siwezi kutoliona.

Zuhura: Lakini jezi ya mpenzi ni ishara ya mapenzi, kila mtu anafanya kwenye hivi vitabu

Saida: Avae. Na yeye mwanaume avae ya namba 8 hata mazoezini. Mara moja tu. Mstari mmoja ungenitosha.

Mjomba Rashidi: Faith Kipyegon. Dhahabu Rio 2016, kajifungua 2018, karudi na fedha Doha 2019, dhahabu Tokyo, dhahabu Paris. Rekodi ya dunia ya mita 1500 kaivunja akiwa mama. Fraser-Pryce wa Jamaica naye kajifungua 2017, Doha 2019 kakimbia mita mia kwa sekunde 10.71, kashangilia na mtoto wake mkononi. Mifano ipo, mwandishi hakukosa pa kuiga.

Saida: Sihitaji hata dhahabu mjomba. Ningeridhika na siku ya kwanza anarudi mazoezini, kifua kinavuja maziwa, anapigwa kanzu na binti wa miaka 17, anarudi nyumbani analia kwenye gari. Hiyo ningeilipia mara mbili. Mimi netiboli nimerudi wiki iliyopita nikaruka mara moja nikaenda kukaa.

Shangazi Tabu: Uliruka miezi minne tu baada ya kujifungua?

Saida: Kidogo shangazi

Shangazi Tabu: Tutaongea pembeni.

Zuhura: Saida umeniharibia kitabu changu 💔 nilikuwa nimekipa nyota tano

Neema: Sasa unakipa ngapi

Zuhura: Nne. Na nusu. Kwa sababu ya mdoli na nepi

Neema: Mimi tatu. Nimetoa moja kwa "tunaoana" na moja kwa jezi.

Mjomba Rashidi: Nne. Kwa hoki.

Shangazi Tabu: Nimechungulia mwisho kama Zuhura. Mtoto kazaliwa tarehe 14 Juni usiku wa fainali, kilo nne, analia kwa nguvu. Chukueni kalenda. Kutoka tarehe 3 Novemba siku zake zinatimia mwishoni mwa Julai. Tarehe 14 Juni hata wiki 34 hajafikisha. Mtoto wa wiki hizo ana kilo mbili na kidogo, na wengi wanahitaji msaada wa kupumua au kulishwa. Mwandishi kamtoa mtoto wiki sita mapema ili awahi fainali.

Mjomba Rashidi: Fainali zao kweli ni Juni.

Shangazi Tabu: Basi wangekutana Septemba.

Neema: Msimu unaanza Oktoba shangazi, asingekuwa na mechi ya kushinda usiku ule

Shangazi Tabu: Angeshinda kitu kingine.

Mama Mkubwa: Nitumieni hicho kitabu

Neema: Mama una uhakika? Kuna kurasa za kuruka

Mama Mkubwa: Mimi nimezaa watano Neema

*Saa 9:20 usiku*

Saida: Niko macho na mtoto. Nimerudia sura ya 9, ile ya ukutani na mpira asubuhi. Nzuri jamani. Ndiyo maana naumia.

Shangazi Tabu: Lala mtoto akilala.

Saida: Shangazi nawe hujalala?

Shangazi Tabu: Niko sura ya 19.

Mama Mkubwa: Huyu mwenye pengo la jino ndiye mwenyewe?

Saida: Ndiye

Mama Mkubwa: Mh

Mama Mkubwa: Haya naendelea