Mjadala: Mzee wa miaka zaidi ya 80 anaimba albamu mpya yote kwanza, zile tunazozijua baadaye. Ni haki kwa aliyelipa?

Besi wa Entebbe (mwanzisha mada)

Habari zenu wakubwa. Naileta hii hapa kwa sababu juzi tuligombana nayo kwenye mazoezi ya bendi mpaka chai ikapoa na mpiga dramu akaenda zake bila kuaga. Ni kuhusu Paul Simon. Wanaomjua wanamjua, msiomjua ni yule ambaye redio zetu zinampiga Jumapili asubuhi kwenye zilipendwa pamoja na akina Jim Reeves na Kenny Rogers, The Boxer, The Sound of Silence, halafu 1986 akaja na albamu ya Graceland yenye magitaa ya Afrika Kusini na sauti za kwaya ya Ladysmith Black Mambazo.

Kisa kiko hivi. 2018 huyu mzee alifanya ziara ya kuaga, akaimalizia kwao Queens, New York, watu wakalia wakaenda kulala. Januari 2019 akaota ndoto, ati anaambiwa kuna kazi anaiandika inaitwa Seven Psalms, yaani Zaburi Saba. Akawa anaamka alfajiri kabla jogoo hajawika anaandika maneno. Imetoka Mei 2023, dakika 33, karibu yote ni gitaa lake la kawaida lisilo la umeme, kengele kengele kidogo, sauti za kwaya, na haikukatwa nyimbo nyimbo, ukianza umeanza, huwezi kurukia ule unaoutaka. Katikati ya kuitengeneza sikio la kushoto likamfia karibu lote. Tukasema basi, hapo ndio mwisho. Kumbe 2025 huyo amerudi jukwaani, kumbi ndogo ambazo anaweza kujisikia mwenyewe, na utaratibu wake ni huu: kwanza mnakaa mnasikiliza Zaburi zote saba. Mapumziko. Ndio mnapewa Graceland, Homeward Bound na wenzake, mpaka mwisho anabaki peke yake na gitaa kwenye The Sound of Silence.

Mashabiki wamegawanyika. Kuna wanaosema ni kama ibada, kuna wanaosema sauti imebaki uzi tu na angekaa nyumbani na wajukuu, na kuna wanaosema nililipia nyimbo za ujana wangu, hizi zaburi nisubirie kanisani.

Mimi niko upande wa mzee na sababu yangu inauma kidogo. Tunapiga kwenye hoteli moja hapa kando ya ziwa, Ijumaa na Jumamosi, miaka kumi na moja sasa. Nina nyimbo zangu nne nilizotunga. Mwaka jana tukathubutu kupiga mmoja, beti la pili halijaisha mzee mmoja wa meza ya mbele akamtuma weita na noti ya elfu ishirini, nikatabasamu nikidhani ni tuzo, kumbe weita ananinong'oneza ati anaomba mrudi kwenye zile za zamani. Tulirudi. Na hela tukachukua, ntadanganya nini. Ndio nauliza, yule Simon ambaye hana shida ya elfu ishirini ya mtu, naye arudi?


Dereva wa Malaba

Ssebo pole na nyimbo zako lakini mimi sikubali. Mi naendesha trela, hela yangu naijua inavyotoka mgongoni. Nikinunua tiketi nanunua kitu ninachokijua, kama vile nikiagiza samaki siwezi kuletewa maboga kwanza ati mpishi aliota ndoto. Halafu hili la kuaga! Mtu akikuaga umempa mkono, umempa na ya njiani, kesho yake unamkuta amekaa sebuleni anaomba tena chai. Waliolipa 2018 kwa sababu ni mara ya mwisho waliuziwa nini?

Na msiende mbali, hapa kwetu Moses Matovu yuko na bendi ya Afrigo tangu 1975. Elfu moja mia tisa sabini na tano! Bado anapuliza saksofoni. Ukienda kumuona anakupa zile zile ulizochezea harusi yako, unacheza, unatoka jasho, unaenda nyumbani una furaha. Hakuna aliyemwambia amefungwa na nyimbo za zamani. Bendi imekaa miaka yote hiyo kwa kuwaheshimu watu, sio kwa kuwafundisha.


Mama Kwaya, Mbale

Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya neno Zaburi tu maana naongoza kwaya na nilidhani ni mtu ameokoka nikaenda kuisikiliza na daftari. Jamani. Huyu mzee anasema Bwana ni fundi mitambo wa studio, sawa, hapo nikacheka, lakini anaendelea anasema mpaka kirusi cha korona ni Bwana, na bahari inayopanda ni Bwana, nikasimamisha simu nikakaa. Mume wangu akaniuliza kuna msiba?

Kesho yake nikairudia. Sasa nasema hivi, wanaosema hizi sio zaburi hawajasoma Zaburi, wamesoma ile ya ishirini na tatu tu ya kwenye mazishi. Fungueni ya themanini na nane mwone inavyoishia gizani bila hata neno moja la faraja. Daudi na wenzake walikuwa wanamgombeza Mungu vizuri sana. Huyu anagombeza polepole kwa sababu ya umri. Sikubaliani na yote anayosema na kwaya yangu haitaimba, lakini kusema ati amezeeka hana jambo, hapana. Na pale mwishoni mke wake Edie Brickell anaingia wanaimba wote wawili, inaishia na amina. Hapo sikuandika kitu kwenye daftari.


Kijana Wandegeya

Kwani hatuna wazee wetu wa kujadili? Banange mzungu wa New York ndio anatunyima usingizi. Na mnasahau Graceland yenyewe aliipata vipi, alienda Johannesburg 1985 wakati Umoja wa Mataifa umesema wasanii waisusie Afrika Kusini kwa ajili ya ubaguzi wa rangi, yeye akapita tu. Leo tunamlilia sikio.


Afande Mstaafu, Bombo

Kijana punguza moto, hayo tuliyagombania kabla hujazaliwa. Kususia kulikuwepo, ANC, chama cha kina Mandela, walilalamika, ni kweli na sio siri. Na pia ni kweli wale wapigaji aliwalipa mara tatu ya kiwango cha New York na majina yao yako kwenye kanda, Shabalala wa Ladysmith ameandikwa mtunzi wa wimbo wa Homeless pamoja naye. 1987 walipiga Harare uwanja wa Rufaro, Makeba na Masekela wakiwa jukwaani, wanamuziki wawili wa Afrika Kusini walioishi uhamishoni kwa sababu ya Makaburu. Kama wao walisimama naye mimi wa Bombo nimkatalie nini? Hapo kila mtu abaki na lake.

Nimekuja kusema jingine. Mnasema hatuna wa kwetu. Mwimbaji wetu Philly Lutaaya mmemweka wapi? 1989 alirudi kutoka Sweden akasimama mbele ya watu akasema ana ukimwi. Nilikuwa na sare wakati huo. Mnajua watu walisema nini? Anadanganya, anatafuta soko la kanda zake! Mtu amekonda unamuona kwa macho yako na bado unasema ni biashara. Tulikuwa tunataka atupigie Born in Africa turuke, yeye anatuletea Alone, wimbo wa mtu anayekufa peke yake na anaogopa. Hakuna aliyeuagiza ule wimbo. Desemba akafa, miaka 38. Leo niambieni ni upi unapigwa siku ya kumkumbuka.


Dereva wa Malaba

Afande hapo umenipiga chini ya mkanda. Lakini Lutaaya alikuwa na ujumbe wa kuokoa watu, huyu wenu ana ndoto ya saa kumi usiku. Sio sawasawa.


Muuza Kanda Arua

Nimekaa nasoma tu. Ila sauti mmeikwepa. Nimeona video, sauti imeisha jamani, tusidanganyane kwa heshima.


Besi wa Entebbe

Narudi, nilikuwa kazini. Wa Arua, sauti imepungua, ndio, hakuna anayebisha. Ila sikiliza anavyoitumia. Juzi nilikuwa kwenye taksi kutoka Kampala, Kajjansi tukagandishwa na jam kama kawaida, earphone zangu upande mmoja ulishakufa tangu Krismasi, wa kushoto. Nikaiweka ile albamu tena nikiwa na MB za kutosha. Ikabidi nicheke peke yangu, maana na mimi nasikiliza na sikio moja kama yeye. Na kitu nilichokigundua ni kwamba anaimba karibu sana na maiki, hasukumi, pale ambapo zamani angepanda juu sasa anaacha gitaa lipande lenyewe na yeye anasema tu, kama mtu anayeongea na mwenzake kitandani taa zimezimwa. Mama mmoja mbele yangu anagombana na kondakta kuhusu chenji, boda zinapita ubavuni na honi, na bado nilikuwa nasikia vidole vyake vinavyosugua nyuzi. Kwa mtu asiyesikia upande mmoja kupanga sauti ndogo namna ile, wanamuziki wenzangu mnajua ni kazi gani.

Kijana wa Wandegeya, nakujibu na wewe kwa besi maana ndio lugha yangu. Kwenye You Can Call Me Al, wimbo wa Graceland, kuna pale ambapo kila kitu kinanyamaza besi inakimbia peke yake, ni Bakithi Kumalo wa Soweto kwenye besi isiyo na freti, vile vyuma vya shingoni. Mimi nilihangaika na ile mbio miezi minne, nusu ya kwanza nikaipata, nusu ya pili vidole vinakataa, nikasema labda sina kipaji nirudi kulima. Kumbe nusu ya pili haikupigwa! Walichukua ile nusu ya kwanza wakaigeuza mkanda ukachezwa kinyumenyume. Nilikuwa najifunza kitu ambacho hakuna mkono uliokipiga. Nasema hivi kwa sababu leo mnaiita ya zamani, tamu, salama, ile tunayoijua. Ilipotoka ilikuwa kitu cha ajabu kuliko hizi zaburi. Na Bakithi huyo huyo alikuwa naye jukwaani 2025, anapiga polepole nyuma ya mzee, hakuna mbio.

Dereva wangu, la kuaga nakupa. Hapo huna ubaya, aliaga akarudi, na waliolipa kwa machozi wana haki ya kununa. Lakini la samaki na maboga nakataa. Huyu hakukunyima samaki. Amekwambia kaa dakika 33, kula hiki nilichopika leo, samaki yuko jikoni anakuja. Na utaratibu wake unajulikana. Wewe unanunuaje kitu umeambiwa kina maboga halafu unashangaa maboga?

Na la Matovu, mimi nampenda kuliko wewe, nimesimama nyuma ya spika zake nikiwa mtoto. Lakini jiulize, mtu aliyepiga wimbo mmoja miaka arobaini kila wikendi, ni mara ngapi alikuwa na mpya mfukoni akauangalia ukumbi akaurudisha mfukoni? Sijui, labda hata mara moja. Mimi kwangu najua ni nyimbo nne.


Mama Kwaya, Mbale

Wewe wa Entebbe tuma huo mmoja hapa tuusikie. Beti la pili pia.


Besi wa Entebbe

Mama nitautuma, nina aibu kidogo, haujarekodiwa vizuri, friji la hoteli linasikika nyuma.


Kijana Wandegeya

Friji ndio kengele zako za zaburi hahaha. Tuma tu mzee. Ila mi bado nasema Graceland hamjanijibu sawasawa, Afande kanipoza kwa umri sio kwa hoja.


Afande Mstaafu, Bombo

Hoja nimekupa mbili, hesabu tena.


Dereva wa Malaba

Sasa nisikilizeni. Nimeingia foleni ya mpaka hapa Malaba saa tisa mchana na sijasogea, wenzangu wamelala chini ya trela. Nikasema ngoja niimalize hii kesi. Nimeipakua yote nikazima injini nikafunga vioo nikasikiliza bila kupiga simu kwa mtu.

Dakika ya kumi nilitaka kuzima. Ya kumi na tano turnboy, utingo wangu, akagonga mlango anataka hela ya chapati nikampa bila kuongea, akashangaa maana huwa namuuliza maswali. Pale karibu na mwisho anamwambia kifo ngoja kidogo, bado hajawa tayari, hapo niliangalia nje nikaona zile trela zote zimesimama, kila mtu anangoja karatasi yake igongwe muhuri.

Nimefika kwenye amina. Mke wake anaimba vizuri.

Bado nataka The Boxer kwanza.