Watoto wa kobe boksi kwenye tuta la sukuma: nifuge au nirudishe?

MamaLulu (Greensboro)
Hamjambo wenzangu. Jana natifua tuta la sukuma wiki nyuma ya nyumba, hapa North Carolina, jembe likafukua shimo lenye maganda meupe ya mayai na watoto wanne wa kobe. Urefu wao sentimita 3 hivi. Ni wale kobe boksi wa msituni, wakubwa wao wana gamba la kahawia lenye madoa ya njano. Mmoja ana kitu cha njano kimening'inia tumboni. Wanangu wamewatia kwenye kopo la aiskrimu na letasi, hawaigusi. Wa kati ameshawapa majina! Wale nini? Taa inahitajika? Nasita kuwaachia nje maana mbwa wa jirani hupenya uzio.

Mkata_Nyasi
Mama Lulu, salama. Mimi mtu wa Korogwe, huku kazi yangu kukata nyasi za watu, na kobe hawa nakutana nao kila kiangazi. Watatu warudishe leo. Huyo wa njano abaki kwanza.

Hicho kinachoning'inia ni mabaki ya kiini cha yai. Ndiyo akiba yake ya chakula, na mwili utakifyonza kwa siku chache. Msikivute wala kukikata; kikipasuka anaweza kufa. Mtoe kwenye kopo, mtandikie karatasi ya jikoni iliyoloweshwa maji kwenye chombo safi, mweke kivulini ndani ya nyumba. Taa ya nini kwa siku hizo? Tumbo likishaziba, naye aende.

Letasi mnawaonea. Umri huu wanataka nyama: nyungunyungu wadogo, konokono wasio na gamba, vidudu vya chini ya mawe vinavyojikunja kama kidonge. Uyoga na matunda huja wakikua. Lakini ukavu huwaua kabla ya njaa. Maji watie kwenye kifuniko cha chupa, yasipite kidevu, maana waogeleaji hawa si hodari.

Pa kuwaachia: hatua chache tu kutoka shimoni, chini ya majani makavu yaliyolowa, pembeni ya kichaka. Wakubwa hujifungia ndani ya gamba, hawa bado. Bawaba ya tumboni huanza kufanya kazi baada ya miaka kadhaa. Rakuni (mnyama mdogo wa huku anayezurura usiku), kunguru, hata sisimizi wekundu huwala, kwa hiyo kinga yao ni kujificha. Na usiwapeleke kwenye msitu wa mbali eti kuna usalama. Kobe boksi huishi umri wake wote kwenye eneo dogo. Ukimhamisha atatangatanga akitafuta kwao, na barabara ziko katikati.

Nesi_Zuhura
Dada, wanao wanawe kwa sabuni kila wakiwashika, na hilo kopo lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima kabisa. Ndiyo maana tangu 1975 Marekani ilikataza kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4. Kama yuko wa chini ya miaka 5, asiwaguse.

MamaLulu
Asanteni. Baba Lulu anasema tuwafuge mpaka Aprili. Halafu nimechungulia tena shimoni, kuna mayai mawili hayajapasuka!

Mkata_Nyasi
Mwambie shemeji kobe huyu huweza kuvuka miaka 50, na huo msimu mmoja tu ni taa ya UVB (yenye miale kama ya jua), unga wa kalsiamu, na mtu wa kutafuta nyungunyungu Januari. Tena ni nembo ya jimbo lenu tangu 1979. Kabla ya kuwaza kufuga, pigeni simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo.

Mayai usiyageuze. Upande ulio juu ubaki juu, yafunike kwa udongo ule ule, sukuma ihamie tuta jingine. Wakianguliwa baridi ikiwa imekaribia, wanaweza kubaki humo chini mpaka joto lirudi, usifukue kuchungulia. Mbwa mzibie kwa wavu wa kuku pale anapopenya. Nyasi za upande ule kateni mchana wa jua kali, wakati kobe wamejichimbia, na kisu cha mashine kiwe juu.